Treni Haisimami kwa Ajili ya Ndoa ya Mtu

Sehemu ya sita

Mlioniacha wiki jana nimeloa chapachapa juu ya lori, nimekumbatia kabati kama mchumba, nimeshashuka. Kabati limevimba mlango mmoja, lakini tunaishi nalo hivyo hivyo.

Na wewe msomaji uliyemwandikia mhariri kwamba mimi ni mpumbavu, barua imefika. Mhariri alinisomea kwenye simu, tena kwa sauti ya mtu anayefurahia kazi yake. Soma ya leo, utaona kwamba ulikuwa umenionea huruma.

Kwa wageni, nifupishe. Kazi yangu ni kuhamisha watu. Nina lori, nina mablanketi ya kufungia vyombo, na nina mwenzangu tunayemwita Kamba kwa sababu hakuna fundo asilolijua. Mke wangu ni mpima macho katika duka la miwani jijini. Tuna mabinti wawili. Mkubwa ana miaka kumi na minne na ulimi wa wakili. Mdogo ana minne, na akilala hata ngoma haimwamshi. Nyumba tuliyopanga ilitakiwa kubomolewa, tukapewa mwezi mmoja tuondoke.

Wiki jana mliona tulivyohamia kwenye mvua. Nilichowaficha ni jinsi tulivyopachagua mahali penyewe. Niliwaambia "tulikubaliana." Hatukukubaliana. Nilidanganya, na leo naungama.

Kwenye reli ya kwenda jijini kuna miji miwili iliyopakana, ukipiga chafya kwenye mmoja utaitikiwa kwenye mwingine. Wa kwanza ni wa ghorofa, maduka na kelele, na treni ya haraka inasimama pale. Wa pili ni wa vinyumba vya chini vyenye bustani, na treni ya haraka inaupita bila hata kupiga honi.

Mke wangu alitaka ghorofa. Mimi nilitaka bustani.

"Hewa safi," nilimwambia. "Watoto watacheza nje."

"Mtoto atacheza nje, mimi nitamwona saa ngapi?"

Akanihesabia kwa vidole. Ukikaa mji wa bustani, unapanda treni ya polepole saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto amelala. Unarudi saa tatu kasoro, mtoto amelala. Ukikaa mji wa ghorofa, unatoka saa moja na kurudi saa kumi na mbili, mtoto yuko macho mwanzo na mwisho.

"Kutwa nzima naangalia macho ya watu," akasema. "Ya mwanangu nayaona Jumapili. Mimi sitaki bustani. Nataka nimkute mwanangu hajalala."

Mwanamume mwenye akili timamu angesema, "Twende ghorofa." Mimi nikasema tulifikirie zaidi.

Kisha akaja na habari kwamba ameshapata nyumba. Ghorofa ya tatu, vyumba vitatu, dakika nne kwa miguu mpaka stesheni. Mwenye nyumba ni mzee ambaye mke wangu alimpima macho mwenyewe. Jengo lina geti la buluu.

Geti la buluu! Nilikuwa nakunywa chai, ikapita njia isiyo yake, nikakohoa mpaka binti mkubwa akaja kunipiga mgongoni, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jengo lile nalijua. Nalo linanijua.

Miaka miwili iliyopita nilimhamishia humo mjane mmoja mwenye sofa la watu watano, kipande kimoja, lisilofunguka. Kamba aliliangalia, akaziangalia ngazi, akaniambia, "Bosi, hili halipiti."

Nikamjibu, "Kila kitu hupita ukikiinamisha vizuri."

Saa nne asubuhi likakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Halikwenda juu, halikurudi chini. Na jengo zima lina ngazi moja.

Kinyozi wa ghorofa ya nne alishindwa kushuka kufungua duka lake. Mwalimu aliyekuwa anarudi nyumbani alishindwa kupanda, akakaa kwenye ngazi kusahihisha madaftari. Mzee mmoja alijaribu kulivuka, akachoka katikati, akakaa, akagundua kwamba ni sofa zuri, akagoma kushuka. Alituagiza tumletee magazeti.

Tulikaa hivyo mpaka saa kumi na mbili jioni, seremala alipokuja na msumeno, mjane analia juu na mimi nalia chini.

Kuanzia siku ile, mtaa mzima ukanipa jina: Kizibo. Watoto wakanitungia wimbo. Nimeshapita pale mara mbili tu tangu wakati huo, na mara zote mbili nilijifanya sisikii. Si rahisi kujifanya husikii wakati jina la biashara yako na picha yako vimechorwa ubavuni mwa lori.

Mke wangu hakulijua hilo. Hakuna aliyelijua nyumbani. Nyumbani mimi ni mtaalamu.

Basi nikawaza. Nikiishi jengo lile, mke wangu atalisikia jina hilo siku ya kwanza. Binti mkubwa atalisikia dakika ya kwanza, na hataacha kulitumia mpaka nizikwe.

Jioni ile nikasema maneno yafuatayo, na ninayaandika yalivyo, mhariri asiyaguse.

"Treni ya haraka itaanza kusimama mji wa bustani. Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao."

Mke wangu akaacha kukunja nguo. "Nani kasema?"

"Mtu wa reli. Nilimhamisha."

Na kweli nilikuwa nimemhamisha mtu wa reli. Alikuwa mpishi wa kantini yao, na kitu pekee tulichozungumza ni friji lake.

Mke wangu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, akanitazama.

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Haya," akasema. "Basi twende bustani."

Nikalala usingizi wa mtoto mchanga. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga, lakini hawasemi kwamba mwanzoni imenyooka na ina mteremko mzuri.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi ikafika.

Nilimsindikiza stesheni mwenyewe, nimembebea mkoba. Watu sita walikuwa wanangoja treni ya polepole, wanapiga miayo. Mke wangu akapita mbele, akasimama ukingoni mwa jukwaa kama mtu anayengoja usafiri wake.

Treni ya haraka ikatokea. Ikaja na mwendo wake ule ule. Ikapita. Upepo wake ukamvua mke wangu kitambaa cha kichwa, nikakimbia kukiokota kwenye maua ya mkuu wa stesheni.

"Labda dereva amesahau," nilisema.

"Labda," mke wangu akasema.

Akapanda treni ya polepole. Hakugeuka kunipungia mkono.

Jumanne nikamwambia karatasi bado hazijasainiwa. Jumatano, kwamba wanataka kwanza kurefusha jukwaa. Alhamisi nilisema dereva mmoja anaumwa, na Ijumaa dereva huyo akawa amepona lakini karatasi zimepotea. Jumamosi, maana kwao nayo ni siku ya kazi, karatasi zikapatikana bila muhuri. Kila jioni alikuwa akiingia, anaweka mkoba mezani, anakwenda kumwangalia mtoto aliyelala, kisha anarudi kuniuliza swali moja.

"Mtu wako wa reli anasemaje?"

Na mimi nilikuwa na jibu kila siku. Uongo ni kama mbuzi, ukishamfuga mmoja atazaa, na lazima uwatafutie wote majani.

Binti mkubwa akaanza kuninusa.

"Baba, huyo mtu wa reli ana namba ya simu?"

"Hana simu."

"Mtu wa reli hana simu?"

"Wanatumia redio."

"Basi tumpigie redioni."

Nikamtuma dukani.

Wiki ya pili ikaingia. Kila alfajiri mke wangu alisimama pale pale, kwa maana treni ya haraka ya kwanza inapita dakika kumi kabla ya ile ya polepole. Mimi sikumsindikiza tena. Nilikuwa nasema lori linanisubiri. Lori halijawahi kumsubiri mtu, limeegeshwa uani kwa Kamba.

Ijumaa ya wiki ya pili, Kamba alinifuata nyumbani asubuhi tukapakie vyombo vya mteja. Binti mkubwa alikuwa amepiga magoti sakafuni anamvalisha mdogo wake viatu, anamwambia nyoosha mguu, si huo, mwingine. Uji ulikuwa mezani, kashaupoza. Nywele za mdogo kashazisuka.

Yule mdogo akanitazama, akauliza, "Baba, yule mama wa Jumapili anakuja kesho?"

Nikajifanya sikusikia. Kamba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akakishusha.

"Yupi?" binti mkubwa akamwuliza mdogo wake.

"Yule wa miwani."

Hapo palinichoma, sisemi uongo. Nilitoka nje nikajifanya naangalia matairi, wakati lori lenyewe halikuwapo. Kamba alikuja kwa mguu.

"Bosi," Kamba akasema, "mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu."

"Vizuri."

"Lakini nenda stesheni."

Nikaenda.

Mkuu wa stesheni ya mji wa bustani ana chumba kimoja chenye bendera mbili, birika moja na kiti kimoja ambacho anakikalia yeye. Nilimkuta anamwagilia maua yake kwa kutumia birika lile lile la chai.

"Mzee," nikaanza, "hii treni ya haraka."

"Haisimami hapa."

"Najua. Nimekuja kuomba isimame."

Akaweka birika chini. "Kwa sababu gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nikasema ukweli kwa bahati mbaya. "Nilimwahidi mke wangu."

Mzee yule alicheka mpaka akashika dirisha.

"Kijana, treni ile ina abiria mia tisa. Haisimami kwa ajili ya ndoa ya mtu." Akajifuta macho. "Ninyi watu mna nini? Wewe ni wa pili. Mwanamke mmoja alikuja kuniuliza hilo hilo, hata mwezi haujaisha."

"Mwanamke gani?"

"Mtu mpole, ana miwani ya fremu nyekundu. Aliniambia niende nikapimwe macho, nina dalili. Aliniuliza kama ni kweli treni ya haraka itaanza kusimama. Nikamwambia itasimama hapa siku nitakayopaa mbinguni."

Miwani ya fremu nyekundu jijini ni mingi. Anayewaambia watu wasiowajua wakapimwe macho ni mmoja.

"Alikuja lini?"

Akatazama kalenda iliyotundikwa ukutani, akahesabu. Ilikuwa siku moja baada ya mimi kusema uongo wangu. Wiki nzima kabla hatujahama.

Mke wangu alijua.

Alijua siku tulipopakia. Alijua aliposimama ukingoni mwa jukwaa Jumatatu ile. Na alijua kila jioni alipoweka mkoba mezani na kuniuliza mtu wangu wa reli anasemaje.

Nilipanda treni ya polepole iliyofuata kwenda jijini. Sikuwa nimewahi kuipanda. Inasimama kila penye nguzo, kisha inasogezwa pembeni na kuzimwa ili kuipisha treni ya haraka inayofuata, na nyote mnakaa kimya mnasubiri, mnajua wenzenu waliopita wameshafika kazini. Nilikaa pale pembeni dakika ishirini na mbili. Mke wangu anakaa hapo kila siku ya kazi.

Dukani kwake msichana wa mapokezi akanipa namba.

"Mimi ni mume wake," nikasema.

"Hongera," akasema. "Namba kumi na tatu. Kaa hapo."

Nikakaa kati ya bibi mmoja na fundi cherehani. Namba yangu ilipoitwa nikaingia kwenye kile chumba chenye giza. Mke wangu alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, koti jeupe, kalamu sikioni. Alinitazama kama anavyowatazama wateja wote.

"Kaa. Weka kidevu hapa. Paji la uso hapa."

Nikaweka.

"Usipepese. Soma mstari wa tatu."

"Nimekudanganya," nikasema.

"Huo si mstari wa tatu."

"Mke wangu, hakuna mtu wa reli. Nilitunga."

Akazungusha kioo fulani, taa ikaniingia jicho la kulia mpaka kisogoni. "Najua. Endelea."

"Kama ulijua, kwa nini ulikubali kuhama?"

Akazima ile taa. Sasa sikuona kitu chochote zaidi ya duara jekundu, nikawa namsikia sauti tu.

"Kwa sababu nilitaka kuona utaniacha nisimame pale asubuhi ngapi. Nilijiambia moja. Ataona aibu, ataniambia turudi nyumbani mke wangu, nilikosea. Nikakupa mbili. Nikakupa tatu. Leo ni ya kumi na moja."

Kidevu changu bado kiko kwenye mashine.

"Sasa niambie," akaendelea. "Yeye ni nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanamke wa mji wa ghorofa. Miaka miwili hutaki kupita mtaa ule. Tukienda sokoni unazungukia barabara ya nyuma. Nilipotaja geti la buluu ulikaribia kufa na chai. Mimi si mtoto. Anakaa jengo lile?"

"Hakuna mwanamke!"

"Usipige kelele, kuna wagonjwa. Kama hakuna mwanamke kuna nini?"

"Kuna sofa."



"Sofa," akarudia.

Nikamweleza yote. Mjane, ngazi, kinyozi, mzee na magazeti yake, seremala na msumeno. Nikamweleza jina. Nikamwimbia hata kibwagizo cha wimbo wa watoto, kwa sauti ya chini, kidevu bado kiko pale.

Nilidhani atacheka. Naapa nilidhani atacheka na mambo yataishia hapo. Kusema kweli, kuna mahali alikaribia. Nilimsikia akivuta pumzi.

Kisha sauti yake ikaja kavu.

"Afadhali angekuwa mwanamke."

"Mke wangu!"

"Mwanamke ningemwelewa. Ningekwenda kumtazama, ningelia, ningejua nimeshindwa na nani. Wewe umeninyima mwanangu kwa ajili ya sofa?"

"Kwa ajili ya aibu," nikasema.

"Aibu ya kuitwa Kizibo. Na mimi je, ninayeitwa mama wa Jumapili? Binti yako mkubwa aliniambia. Na halikuanza leo."

Akafungua mlango, mwanga ukaingia. Macho yake yalikuwa makavu, yangu ndiyo yalikuwa na maji, na siwezi kuisingizia mashine.

"Ile nyumba bado ipo," akasema huku anaandika kitu kwenye kadi. "Mzee alinishikia mpaka mwisho wa wiki. Kesho nimechukua ruhusa, nahama na watoto. Lori nimeshaagiza."

"Lori la nani?"

"Na macho yako ni mazima. Hayo siyo tatizo." Akaninyooshea kadi. "Namba kumi na nne!"

Bibi akaingia, akanisukuma kwa fimbo yake nimpishe.

Kesho yake, Jumamosi, saa tatu asubuhi, nikasikia lori linarudi nyuma getini. Mngurumo ule naujua kuliko kukoroma kwangu. Nikachungulia. Nikauona uso wangu mwenyewe, umechorwa ubavuni, unacheka.

Kamba akashuka na mablanketi begani.

"Umechukua kazi hii?" nikamwuliza.

"Shemeji aliagiza tangu juzi, bosi."

"Tangu juzi! Na hukuniambia?"

"Mteja akisema ni siri, ni siri. Wewe ndiye uliyenifundisha." Akakwepa macho yangu. "Jana nilikwambia nenda stesheni. Zaidi ya hapo ningefanya nini?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na orodha. Binti mkubwa alikuwa ameshatenga vitu sebuleni. Upande mmoja vyao. Upande mwingine vyangu: kiti, redio, godoro dogo, sufuria moja isiyo na mfuniko.

"Mfuniko uko wapi?" nikauliza, kwa kuwa mtu aliyepigwa na butwaa huuliza yasiyomsaidia.

"Ni wa sufuria nyingine," binti mkubwa akasema.

Kamba akaenda chumbani. Tukamsikia akiguna. Akarudi na kusimama mbele yangu, anafuta jasho ambalo hata halijatoka.

"Bosi, kitanda kile hakibebwi na mtu mmoja. Na mtu wa pili ni wewe."

Nikamtazama mke wangu. Akaangalia orodha.

Basi nikashika upande wa kichwani. Nimehamisha wachumba, nimehamisha waliotalikiana, nimehamisha hata kasisi na kuku wake. Sikuwa nimewahi kuihamisha familia yangu nikiwa mimi ndiye ninayeachwa. Nilifunga kila kitu kwa mikono yangu, na nilikifunga vizuri, kwa sababu hasira ni yangu na vyombo ni vya watoto.

Tulipomaliza, mke wangu akapanda mbele. Mdogo akapakatwa, macho makavu kabisa, anauliza kila kitu: hii inawasha nini, hii inafungua nini. Binti mkubwa akapanda na begi lake mapajani. Kamba akawasha.

Nikasimama dirishani upande wa mke wangu.

"Nani atapakua?" nikamwuliza. "Ni ghorofa ya tatu."

"Kinyozi na wenzake. Nilipita kwao jana jioni, wamesema watanisaidia."

"Basi nipande nyuma niende nanyi. Tafadhali."

"Unapanda kama nani?"

"Kama baba yao."

Akanitazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Baba yao nilimngoja stesheni asubuhi kumi na moja," akasema. "Hakuja."

Akampa Kamba ishara. Lori likaondoka.

Nikasimama barabarani, mikono imening'inia. Jirani mmoja aliyekuwa anapunguza ua wake akaacha mkasi, akaniangalia, akaendelea.

Lori halikufika kona. Taa nyekundu zikawaka, likasimama. Mlango ukafunguliwa.

Nikapiga hatua mbili mbele. Lakini aliyeshuka hakuwa mke wangu.

Alikuwa binti mkubwa. Akatembea kurudi na begi lake mpaka katikati, kati ya lori na mimi, akaliweka chini barabarani. Mke wangu akashuka nyuma yake, mtoto kiunoni.

"Wewe! Unafanya nini? Rudi ndani!"

"Sirudi," binti akasema.

"Basi njoo ukae na mimi," nikasema haraka, na nikajidharau palepale.

"Siji."

Akatugeukia mmoja mmoja. Hakuwa na ule ulimi wake wa siku zote.

"Wewe, baba, ulidanganya. Wewe, mama, ulijua ukanyamaza, ukawa unamhesabia. Asubuhi kumi na moja mlikuwa mnapimana. Nani alikuwa anamwamsha mtoto? Nani alikuwa anamlisha, anamsuka, anamlaza? Mwezi mzima mnabishana ghorofa, bustani, ghorofa, bustani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka kuishi wapi."

Jirani akazima redio yake.

Mke wangu akampandisha mtoto vizuri kiunoni. Mimi nilikuwa nimeukodolea mchanga macho. Kwa kweli hatukumwuliza. Wala wazo halikutujia.

"Unataka kuishi wapi, mwanangu?" mama yake akauliza, taratibu.

"Si ghorofa," binti akasema. "Wala si bustani."

Akafungua zipu ya begi, akatoa bahasha iliyokwisha chanwa, yenye muhuri. Mwalimu wake alimsaidia kuandika, alisema, siku tulipohama. Shule ya bweni, mkoa mwingine, safari ya siku nzima. Wamemkubali. Anatakiwa aripoti Jumatatu.

"Na mdogo wako?" nikasikia sauti yangu ikiuliza.

"Ni mtoto wenu," akasema.

Yule mdogo alikuwa ameanza kujinyonganyonga kiunoni kwa mama yake, amenyoosha mikono kwa dada yake, si kwa mama, wala si kwangu. Dada yake hakumpokea. Alikaza macho asimtazame, machozi yanamtoka.

Akatoa fomu kwenye bahasha, akaikunjua juu ya begi.

"Inatakiwa saini ya mzazi mmoja," akasema. "Yeyote kati yenu."

Akaweka kalamu juu yake, akasogea pembeni, akatuachia nafasi.